Mbwa wa Mama Bustanini

Mama alifariki mvua zikiwa ndio kwanza zimeanza, muda mfupi tu baada ya kupanda bustani yake nyuma ya jiko. Mimi nilikuwa nimepunguzwa kazini Songea, miaka ile ambayo kila ofisi ilikuwa ikipunguza watu. Kwa hiyo baada ya matanga ndugu zangu walirudi makwao, nami nikabaki Mbinga na baba, na mbwa wa mama.

Alikuwa jike, mzee kuliko mbwa yeyote pale kijijini. Mama alimleta nyumbani nikiwa bado shule ya msingi. Kwetu mbwa hulala nje na kazi yake ni kufukuza ngedere kwenye mahindi, hakuna anayembembeleza. Mama naye hakumbembeleza. Alikuwa akiongea naye tu, kwa Kimatengo, huku akipalilia, vile unavyoongea na jirani aliye upande wa pili wa ua. Baba hakuwahi hata kumwita. Akimkuta amelala mlangoni, alimsogeza kwa mguu.

Kufika mwezi wa tatu bustani ilikuwa imefurika. Mahindi mabichi, maharage yaliyojisokota kwenye mabua, matango yaliyojificha chini ya majani, na maboga, ambayo yalitambaa mpaka kwenye njia ya chooni. Nilichuma asubuhi, na jioni ilikuwa kama sijagusa kitu. Majirani walibeba, walimu wa shuleni walibeba. Baba alionja boga kidogo, akasukuma sahani.

"Limeiva vizuri," alisema, akatoka kwenda kukaa nje.

Macho ya mbwa yalikuwa yameingia ukungu na miguu ya nyuma imeishiwa nguvu. Hata hivyo kila asubuhi alijikokota hadi bustanini, akalala pale mama alipozoea kukaa akichambua mboga. Asubuhi moja hakufika. Nilikuwa naosha vyombo nikamsikia akilia njiani, na kabla sijakausha mikono nikamwona baba ameshainama. Alimbeba kama mtu anavyobeba mtoto mwenye homa, akamlaza kivulini, kati ya majani ya maboga. Alipogeuka hakuniangalia usoni.

Tangu siku ile akamchukua awe wake. Mbwa hakuwa na meno tena, basi baba aliponda boga lililopikwa, akalichanganya na mchuzi wa usipa, vile visamaki vya ziwani, akamlisha kwa kiganja. Kuna mama mmoja wa Lipingo, kule ziwani, alikuwa akipandisha usipa mkavu kuja kuuza huku kwetu milimani. Siku aliyomkuta baba amechuchumaa pale bustanini, alisimama na beseni lake kichwani.

"Shikamoo, baba. Usipa wangu ndio unampa mbwa?"

"Marahaba," baba alijibu bila kuinuka. "Ni mbwa wa marehemu."

Mama yule alitua beseni. Alikuwa amefika msibani kwetu, analijua kaburi. Alichota usipa konzi nzima, akaumimina kwenye bakuli la mbwa, akajitwisha tena na kuondoka.

Mahindi yalipoanza kukauka mbwa aliacha kula. Alitetemeka mchana kutwa, akalia akiguswa. Nikaenda kumwita bwana mifugo. Alimpapasa tumbo, akamfunua kinywa, akanawa mikono taratibu.

"Mzee, hii si ya kutibu. Naweza kumchoma sindano alale. Hatasikia kitu."

Nilidhani baba atamfukuza. Alivunjavunja bua la hindi mkononi.

"Mama watoto aliteseka mle ndani," alisema hatimaye, "na mimi nikimtazama tu. Huyu mchome. Lakini si hapa uani. Nitamshika kule kule kwake."

Akambeba. Alikaa chini kwenye udongo na suruali yake ya kanisani, akamweka kichwa mapajani. Bwana mifugo alipotayarisha sindano, baba aliinama, na kwa mara ya kwanza nikamsikia akiongea na mbwa yule. Aliongea kwa Kimatengo, kwa sauti ya chini. Alimwambia aende tu, asiogope. Alimwambia akimkuta mama amwambie bustani imekubali.

Niligeuka nikatazama mlimani.

Baba alichimba shimo mwenyewe, hakutaka nimsaidie. Alipomaliza kufukia alikaa juu ya boga moja kubwa, akalia. Msibani hakuwa amelia. Alikuwa akipokea watu, akiitikia pole, akiulizia kama wageni wamekula. Sasa alilia kwa sauti, mabega yakimtikisika. Kwetu binti hamkumbatii baba yake. Nilikaa karibu naye, begani nikamgusa kidogo tu, naye hakuondoa mkono wangu.

Baadaye mwaka ule nilipata kazi ya kupika kwenye hoteli moja Kitai, pale mabasi yanaposimama. Nilimwomba baba tuhame wote, akakataa. Nilipokwenda kumwona mvua nyingine zilipoanza, nyuma ya jiko palikuwa pameota magugu hadi kiunoni. Nikachukua jembe, nikamwambia nitalima mimi, apande angalau maharage na matango.

"Acha, mwanangu," alisema. "Atakula nani?"