Sahani ya Maimuna

Usiku ule wa kuamkia hitima ya Babu nilijifungia chumbani mapema, nikasema kichwa kinaniuma. Kichwa hakikuwa kinaniuma. Uani wanawake walikuwa wakichambua mchele wa pilau ya kesho, wakicheka na kunyamaza, na kila waliponyamaza nilijua wananisema mimi. Mwaka mzima sasa, jina la Babu likitajwa, sikuwahi kusema "Mungu amrehemu." Nilimwambia mama waziwazi kwamba kesho sitoki, na kwenye dua yake sikai. Mama alilia kidogo, kisha akaniacha, maana ananijua nikishakaza shingo.

Babu alikuwa mtu wa falaki, msomaji wa nyota, hapo kwetu Tanga mjini. Ukimwita mganga alikasirika siku nzima. Mtoto akizaliwa, watu walimletea jina lake na saa aliyozaliwa, naye akamchorea. Wenzake huchora kwenye karatasi. Yeye alichora kwa wino wa zafarani kwenye sahani nyeupe: mraba mmoja, na ndani yake nyumba kumi na mbili. Akishamaliza kusoma aliiosha sahani kwa marashi ya mawaridi, na maji yale mama wa mtoto akayanywa. Kwa hiyo hakuna sahani yake hata moja iliyobaki. Alisema si vizuri mtu akaishi anaikodolea macho nyota yake, badala ya kuangalia anapokanyaga.

Mimi alinifundisha yale ya mwanzo nilipokuwa msichana, kwa utani mwingi. Aliniita mke wangu mdogo, na Bibi naye akaniita mke mwenzangu na kujifanya ananionea wivu. "Buruji za nyota ni kumi na mbili," Babu alikuwa akisema. "Tatu za moto, tatu za udongo, tatu za upepo, tatu za maji. Wewe ni Asadi, simba, moto mtupu, ndiyo maana mdomo wako hauna breki." Ile buruji inayochomoza mashariki saa mtoto anapotoka tumboni ndiyo mlango wake, nyumba yake ya kwanza, na nyingine hufuata kwa zamu. Ya pili ni ya mali. Ya tano ni ya watoto, ya sita ya maradhi, ya saba ya ndoa. Ya nane hakupenda kuitaja. Ni nyumba ya mauti, lakini yeye aliiita "ile nyingine."

Nilipojifungua Maimuna, siku ya saba tulimnyoa nywele, na Babu akaletewa sahani. Nyumba ilijaa wageni. Akachora. Kisha akaitazama ile sahani, akaitazama mno, hadi watu wakaacha kuongea. Tukangoja. Hakusema neno. Akamimina marashi, akaiosha, akanipa yale maji ya njano. "Kunywa," akasema. Hakuniita hata mke wangu. Nikanywa.

Babu alifariki kabla Maimuna hajajua kukaa. Maimuna alikufa ndiyo kwanza ameanza kutambaa. Homa ilimshika ghafla, na hospitali walifanya walichoweza. Pale matangani, mbele ya watu wote, Bibi akasema: "Mzee aliiona hii. Aliiona kwenye sahani, akanyamaza kwa huruma." Watu wakaitikia, wakatikisa vichwa, na kuanzia siku ile ikawa ndiyo habari ya mji. Mzee aliona. Mimi niliisikia kwa namna yangu. Babu alijua mwanangu atakufa, akaninywesha maji matamu, akaniacha nimshonee magauni ya mwaka unaofuata.

Basi nililala na hasira zangu, na sauti za uani zikawa mbali.

Nikajiona nimesimama kwenye ukumbi wetu, mchana, jua limeingia hadi ukutani. Babu alikuwa amekaa kwenye mkeka. Alivaa shuka yake ya nyumbani na fulana, si sanda, na sikushangaa hata kidogo. Mbele yake palikuwa na sahani nyeupe. Nilitaka kumpita bila kumsalimia, lakini mdomo ukanisaliti.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, mke wangu mdogo. Njoo unisomee."

"Soma mwenyewe. Wewe ndiye mjuzi."

Akaisukuma sahani kuelekea kwangu. Nikainama juu ya sahani ili nimwoneshe kwamba siogopi, na ile mistari ya zafarani ikawa mipana, ikapanda juu, ikawa kuta. Sikuwa tena ukumbini. Nilikuwa ndani ya nyumba yenye vyumba vingi, kuta zake za njano, milango wazi, na Babu nyuma yangu. Niliijua mara moja. Ilikuwa sahani ya Maimuna.

Naingia chumba cha kwanza. Kuna ubaridi wa alfajiri humo, na chini kuna maji membamba yanayonifika vidoleni. Jua ndiyo kwanza linatoka dirishani. Maimuna alizaliwa jua likichomoza, na mtoto wa saa hiyo jua lake hukaa mlangoni, nyumba ya kwanza. Mlango wake ni Saratani, kaa wa majini. Yote haya nayasema kwa sauti kama mwanafunzi, na Babu nyuma yangu anaitikia, ehe, ehe, kama zamani.

Chumba cha pili napita. Cha tatu napita. Cha nne ni cha wazazi, kina harufu ya ubani wa nyumbani kwetu, na mwezi umekaa humo, mdogo, umepata nusu yake tu. "Mwezi ni moyo," nasema. "Moyo wake ulikuwa kwetu."

"Ehe," anasema Babu.

Chumba cha tano kina mtu.

Amekaa sakafuni, amenipa mgongo, anapiga kifuniko cha sufuria kwa kijiko. Ana kigauni kile cha maua ambacho hakuwahi kukivaa, kwa sababu kilikuwa bado kikubwa. Sasa kinamtosha. Nywele zimeota. Nataka kuita na sauti haitoki, nataka kwenda na miguu imegoma. Nyumba ya tano ni ya watoto, Babu alinifundisha mwenyewe, lakini hakuniambia kwamba mtu anaweza kusimama mlangoni mwake akazuiwa. Nikalia. Yeye anaendelea kupiga kifuniko chake, ana raha zake, hageuki.

"Twende mbele," anasema Babu.

"Siendi."

"Hukuja kwa ajili ya hapa. Ulikuja kwa ajili ya ile nyingine."

Ni kweli. Mwaka mzima nilikuwa nikiitaka ile nyingine. Nilitaka niione kwa macho yangu, nione alichokiona, nimshike koo. Nikapita chumba cha sita huku nimeziba pua, maana kilinuka dawa ya hospitali. Cha saba kilikuwa na mkeka mpya ambao haujakunjuliwa, na hicho nacho kiliniuma. Kisha nikasukuma mlango wa nane.

Chumba kitupu, kimefagiwa, dirisha liko wazi. Hakuna nyota ndani, hakuna alama, hakuna doa la zafarani. Nikazunguka kuta zote nne, nikapapasa hadi chini.

"Hamna kitu," nikasema. "Babu, humu hamna kitu. Uliona nini basi?"

Nikageuka. Babu alikuwa amebaki nje ya mlango. Amenyoosha mkono, kiganja kinatembea ukutani polepole, kinautafuta mlango ambao uko wazi mbele yake. Mguu wake ulijaribu kizingiti, ukarudi. Nikapeleka mkono wangu mbele ya uso wake. Hakupepesa.

"Sikuona kitu," akasema. "Macho yalikuwa yamekwisha kitambo. Siku ile niliona njano tu, mke wangu. Njano tupu."

"Ulikuwa ukichora!"

"Mkono unakumbuka. Kusoma ndiko kulikonishinda. Siku nyingine bibi yako alikaa karibu yangu akaninong'oneza. Siku ile wageni walikuwa wengi, simsikii, simwoni. Nikaona haya. Nikaiosha."

Nilitaka kumwambia maneno mengi. Nilikuwa nimeyaandaa mwaka mzima, mengine nimeyafanyia mazoezi nikifua nguo. Badala yake niliushika ule mkono wake wa kupapasa, ulikuwa baridi na wa kawaida, nikamvusha kizingiti. Mle chumbani akainua uso kuelekea upepo wa dirishani.

"Mwambie bibi yako," akasema, "aache kunitetea."

Kwa mbali kifuniko kilikuwa bado kinapigwa. Kisha kikanyamaza, nami nikaamka.

Alfajiri ilikuwa imeadhiniwa. Nilikaa kitandani nimeshika mkono wangu mwenyewe. Nikatoka bila kunawa uso, nikamkuta Bibi chumbani kwake juu ya msala, ameshamaliza kusali, tasbihi mkononi. Alishtuka kuniona, maana siku nyingi tulikuwa hatuongei ila kwa lazima.

"Bibi," nikasema, "Babu amenijia."

"Kheri, inshallah. Amesemaje?"

"Amesema uache kumtetea."

Tasbihi ikasimama.

"Amekwambia macho?"

"Ameniambia."

"Yalianza kabla hujaolewa," akasema. "Kwanza likawa jicho moja. Akaniapisha nisiseme. Mimi ndiye niliyekuwa nikimsogezea sahani, nikimwambia kilipo hiki na kile. Siku ya mwanao nilikuwa jikoni na wageni, watu wamenizonga. Nilipokuja, keshaiosha."

"Kwa nini ukasema aliona?"

Alijifuta machoni kwa ncha ya mtandio.

"Ningesema nini, mke mwenzangu? Kwamba kipofu alikuwa akiwasomea watoto wa watu? Na wewe siku ile pale matangani ulikuwa umenishika nguo, unauliza kwa nini, kwa nini, kwa nini. Nikakupa jibu. Sikuwa na jingine."

Nikakaa chini pembeni yake. Nilijitafuta ndani nione ile hasira yangu iko wapi, maana niliizoea, niliamka nayo na kulala nayo, ndiyo iliyonitoa kitandani asubuhi nyingi. Sikuiona. Bibi alinivuta kichwa akakilaza mapajani pake kama nilipokuwa mdogo, na mkono wake ulinuka iliki. Tulikaa hivyo hadi tulipowasikia wanaume wanaanza kuingia ukumbini na misahafu.

Nilitoka. Mama aliponiona alisogea mkekani akaniachia nafasi. Nikakaa kati ya wanawake, na dua ilipofika jina la Babu niliinua mikono pamoja nao, nikamwombea kwa moyo wangu wote, Mungu amrehemu, Mungu amuoneshe njia huko aliko. Haikuwa vigumu. Kilichonishinda ni kuinuka baada ya dua. Wenzangu walikwenda kupakua pilau, mimi nikabaki mkekani. Mwaka mzima nilikuwa na mtu wa kumlaumu. Sasa kulikuwa na mtoto tu aliyeugua akafa, na hakuna aliyejua mapema.