Kitabu Ambamo Treni Ilifika Kabla ya Kuondoka

Saa moja na nusu asubuhi, Ijumaa, mtaa wa Bel-Air mjini Lubumbashi. Mteja wa kwanza amesimama mlangoni na tangazo la msiba, wa pili ameshika barua ya kuomba kazi, na Myriam Kapya hawaoni. Macho yake yako kwenye kompyuta. Programu tatu zimefunguliwa kwa wakati mmoja, na ndani ya kila moja kuna ukurasa uleule wenye sura tofauti.

Anabofya ya kwanza. Anarudi ya tatu. Anajikuna kichwa kwa kalamu.

“Mama, courant iko ao haiko?” anauliza yule wa msiba kuhusu umeme, kwa adabu.

“Courant iko, papa. Ni miye njo nimekatika,” anajibu Myriam, na hapo ndipo anapogeuka.

Ana miaka thelathini na sita. Kwa miaka kumi na mmoja amekuwa mchapaji katika kibanda hiki, ambacho wenyeji hukiita secrétariat public: kompyuta, printa, mashine ya fotokopi na benchi la wateja. Ukurasa mmoja wa kuchapa ni faranga elfu moja. Kadi za harusi, barua kwa wakubwa, kazi za wanafunzi na vijitabu vya misa za mazishi, vyote vimepita mikononi mwake. Mtaa mzima unamjua kuwa hashindwi na karatasi.

Wiki hii karatasi imemshinda.

Kinachomhangaisha ni kitabu cha kurasa arobaini alichokiandika mwenyewe, cha mchezo unaoitwa Behewa la Mwisho. Watu wanne au watano huketi mezani. Mmoja huongoza hadithi, na wengine kila mmoja huwa mtu fulani ndani yake: mkaguzi wa tiketi, mama mwenye magunia ya dagaa, askari asiye na ruhusa ya kusafiri. Anayeongoza huitwa chef de gare, mkuu wa kituo. Mtu akitaka kujaribu jambo gumu, hurusha kete mbili za ludo, na kete ndizo zinazoamua.

Treni inatoka Lubumbashi kwenda Kamina, na kuifikisha ni kazi. Karibu kila kisa kimetoka kwa marehemu babu yake, mzee Numbi, mtu wa kaskazini mwa Katanga aliyeendesha treni hadi alipostaafu. Abiria hubadilika kila mchezo, lakini mashinisti, yaani dereva wa treni, daima ni Numbi.

Wamecheza Jumapili baada ya misa kwa miaka mitatu, nyumbani kwa mama yake, Marie-Thérèse, bintiye huyo mzee. Mama ana miaka sitini na minane na hucheza kwa ukali kuliko vijana. Kwa muda wote huo sheria za mchezo zilikaa mahali pamoja tu, kichwani mwa Myriam. Akiugua, hakuna mchezo.

Halafu Jeannot akapata kazi ya ualimu Kasomeno, kwenye barabara ya kwenda Kasenga. Ni mchezaji wao wa tangu mwanzo. Anaondoka Jumatatu, na anataka kuwafundisha wanafunzi wake mchezo huu.

“Yaya Myriam, kule sitakuwa na weye wa kuuliza,” alimwambia, akimwita dada mkubwa kama kawaida yake. “Unipatie kitabu. Kitabu chenye kinasema byote.”

Ndiyo maana kitabu kikaandikwa. Kikishindwa kuongea bila Myriam, mchezo utabaki Bel-Air, na siku moja utakufa naye.

Kukiandika kulimchukua miezi miwili. Kukipanga ndiko kulikomtoa jasho, maana kitabu cha namna hii si barua. Kina majedwali ya kete, kadi za abiria, ramani ya vituo, na maneno yanayotakiwa kuzunguka picha bila kuikanyaga. Akaomba ushauri wa programu. Wahenga walisema penye wengi hapaharibiki neno, lakini wahenga hao hawakuwahi kuuliza watu wa kompyuta.

Aristote, mchora mabango wa jirani, hakusita kutaja programu ya mafundi. “InDesign, mama. Ile njo ya bantu ba métier. Bengine bote banacheza tu.” Kumbe hiyo hulipiwa kila mwezi kwa kadi ya benki, na Myriam hana kadi ya benki. Binti mmoja mteja akamsifia Canva, na ni kweli inapendeza, ila inakula mega za intaneti, na mtandao wa Bel-Air una siku zake. Fundi aliyetengeneza printa akamwekea Scribus, ya bure kabisa. Myriam akakaa nayo wiki mbili akichora visanduku vya maandishi kimoja kimoja. Siku akiongeza mstari katika ukurasa wa tano, hajui tena maneno ya mwisho yamekimbilia wapi. Akarudi Word, aliyoizoea. Akaiacha. Akairudia tena.

“Minajua kupanga kitabu cha misa ya kilio na macho ya kufunga,” anasema. “Lakini hii, minakuwa sawa mutoto wa première primaire, wa darasa la kwanza. Kila muntu anasema yake, na bote banaonekana bako na haki.”

Mchagua jembe si mkulima, na Myriam mwenyewe alijiambia hivyo. Jumatatu ya wiki hii akakata shauri kwa hasira, akamaliza kitabu ndani ya Word kwa njia anayoijua, akakipeleka kwenye nyumba ya uchapaji katikati ya mji. Wangemtolea nakala moja ya kuonja, kisha nyingine ishirini.

Njia anayoijua ndiyo iliyomponza. Kwenye vibanda vya uandishi, kijitabu cha misa hupangwa kwa mkono. Unakunja karatasi, unaandika namba kwa penseli, unazikunjua, na unaona kuwa ukurasa wa kwanza umelala pamoja na wa mwisho. Basi unachapa kwa mpangilio huo wa vurugu, ili karatasi zikikunjwa kila kitu kikae mahali pake. Vidole vya Myriam hufanya hivyo bila kumuuliza. Akaanza na ukurasa wa arobaini, wa kwanza, wa pili, wa thelathini na tisa, mpaka mwisho. Namba za kurasa hakuweka, kwa sababu vijitabu vya misa havina.

Mashine ya wachapaji nayo hufanya kazi hiyohiyo yenyewe. Hakuna aliyemwambia, na hakuuliza. Ikapokea kurasa zilizokwisha kuchanganywa, ikazikunja kana kwamba zimefuatana. Nakala ikatoka nzuri, yenye jalada la kung’aa, na kurasa zikiwa zimechanganyika vilevile alivyozipanga.

Jumatano mchana wakaijaribu nyumbani kwa Marie-Thérèse. Jeannot alikuwa chef de gare, na Myriam akajipa adhabu ya kukaa uani bila kusema neno. Kitabu ndicho kilichokuwa kwenye mtihani.

Jeannot akafungua ukurasa wa kwanza, akasoma kwa sauti ya mwalimu: “Treni inaingia Kamina. Wenye kubaki wazima washuke.” Akageuza. “Karibuni. Chagueni abiria wenu.”

Wachezaji wakatazamana, lakini hawakupinga. Sheria ya kwanza ya Behewa la Mwisho inasema neno la chef de gare halipingwi. Basi wakatii. Wakashuka kabla ya kupanda, wakamzika askari ambaye bado hajapewa jina, wakalipa faini ya magunia ambayo hawajayabeba. Walirusha kete kwa bidii kwa dakika arobaini.

Uani, Myriam alisikia yote akashika kichwa. Alidhani Jeannot anabuni. Kisha akadhani ni yeye aliyesahau mchezo wake mwenyewe.

Aliyewakatiza ni Marie-Thérèse. “Jeannot, simamisha! Treni inafika mbele ya kutoka? Baba yangu alifanya miaka makumi tatu mu reli, hajafanya ile ajabu hata siku moja!”

“Mama, kitabu njo kinasema vile,” Jeannot akajitetea. “Mi nilizani ni mystère, ni fumbo.”

Myriam aliingia, akakichukua kitabu, akageuza kurasa tatu, akaelewa. Alicheka kwanza. Baadaye akaenda jikoni akalia, na hafichi.

“Haya njo ilinikamata,” anasema. “Miaka kumi na moya ya kukunja karatasi. Na bantu banaheshimu kitabu kushinda akili yabo, ju mi njo niliandika.”

Ndiyo maana Ijumaa hii ana programu tatu usoni na hajui ashike ipi, aache ipi. Wachapaji wamemwambia kwamba kurasa zikifuatana moja, mbili, tatu, mashine itamaliza mengine. Lakini azifuatanishe ndani ya nini? Wateja wanahudumiwa, wengine wanakuja. Saa nne Jeannot anapita kuaga jirani, na Myriam anamwuliza swali ambalo katika ushauri wote ule hakuna aliyelileta.

“Kule Kasomeno, faili ya kitabu utafungulia mu nini?”

Jeannot ana kompyuta ya zamani, aliyoachiwa na shemeji. Haina mtandao. Ina LibreOffice tu, programu ya bure ya kuandikia.

Myriam anafunga madirisha matatu, moja baada ya jingine. Siku nzima na kesho yake, kati ya mteja na mteja, anahamishia kitabu kwenye LibreOffice. Picha mbili zinakataa kukaa anapotaka, naye anaziacha zikae zinapotaka. Safari hii kila ukurasa una namba yake, kubwa ya kuonekana na mtu asiye na miwani. Jumamosi jioni wachapaji wanatoa nakala mpya.

Jumapili baada ya misa, wanajaribu tena. Treni inaondoka Lubumbashi kama treni. Kabla ya kituo cha Bukama askari anakataa kushuka, na Jeannot anakwama. Anainua macho kumtafuta Myriam. Myriam amejiziba mdomo kwa kiganja. Jeannot anageuza ukurasa, kisha mwingine, anapitisha kidole.

“Iko hapa,” anasema, na mchezo unaendelea bila Myriam.

Ingeishia hapo, kila mtu angelala vizuri. Lakini wakati wa kukusanya kete, Jeannot anakohoa. “Yaya, kiko kitu kimoya. Kasomeno reli haiko. Batoto ba kule treni banaisikia tu. Minataka kuweka camion.”

“Camion?” Marie-Thérèse anasimama, akilikataa lori. “Baba yangu aliendesha camion?”

Myriam anamalizia kukusanya kete. Jioni hiyo anatia kwenye flash ya kumpa Jeannot faili moja tu, PDF, ile isiyobadilishika kwa urahisi. Anakiri kwamba ilimuuma. Alitaka mchezo uende bila yeye, na sasa unataka kwenda bila treni.

“Hata saa hii sijui kama nilifurahi ao nilikasirika,” anasema. “Byote bibili, minawaza.”

Jumatatu asubuhi anaamka mapema kuliko kawaida, anapitia kibandani, anawasha kompyuta, anaongeza faili ya pili, ile ya LibreOffice inayobadilishika. Kwenye maegesho ya magari ya Kasenga anamkuta Jeannot akifunga godoro. Anampa flash na nakala sita za kitabu.

“Camion, sawa,” anamwambia. “Lakini chauffeur aitwe Numbi.”

Jeannot anaahidi jina hilo la dereva, na gari linaondoka.

Sasa Myriam anapanga safari ya likizo ya Julai. Anataka kufika Kasomeno bila kutambulishwa, aketi kwenye meza ya watoto kama mgeni yeyote, afundishwe mchezo.

“Nitanyamaza,” anasema, akimpokea mteja karatasi. “Nitauliza kitu kimoya tu: chauffeur, jina yake nani?”