Maharage ya Verdiana

Kama uliwahi kushuka kwenye lori pale Mikumi mwaka wa tisini na nne, njaa ikikuuma, huenda ulikula kwa Verdiana. Maharage yake yalikuwa laini, na madereva wa Iringa walikuwa tayari kuyasubiri. Ngoja nikusimulie yalivyokuwa yakipikwa.

Verdiana, mjukuu wa manamba wa mkonge wa Kilosa, alipanga chumba kwa Bi Mwanne, mjane mwenye nyumba nyuma ya gereji. Kodi ilikuwa moja, maji na umeme humo humo, nyumba nzima mita moja. Siku ya kukupa ufunguo Bi Mwanne alikwambia, "Taa, redio, na pasi Jumamosi. Kupika ni kwa mkaa, uani. Mengine nakuachia wewe na Mungu wako."

Basi mkaa ukapanda bei, na madukani vikajaa vitu ambavyo zamani hukuviona hata kwa dawa. Verdiana akanunua jiko la umeme la koili, akalificha chini ya kitanda. Kila alfajiri maharage yalichemka humo chumbani, mlango umefungwa. Kukipambazuka aliyatoa uani, akayaunga kwa nazi kwenye jiko la mkaa, watu wakimwona.

"Mwanangu," Bi Mwanne alimuuliza, "maharage yako yanaiva kabla ya uji wangu?"

"Ni ya Chanzuru, kule Kilosa, mama. Yale hayana ubishi."

Bi Mwanne akaagiza debe zima la Chanzuru. Aliyateleka asubuhi, na adhuhuri yakawa bado yanagonga sufuria kama kokoto. "Basi mbishi ni mimi," akasema, na uani wakacheka wote. Verdiana naye alicheka.

Ilipokuja bili kubwa ya pili ya umeme, Bi Mwanne aliwaita wapangaji. Jicho lake lilikuwa kwa Ditram, fundi redio wa chumba cha pili, mwenye kile chuma chake cha kulehemu.

"Mama, hiki hakili umeme wa kukutisha," Ditram alisema. "Ingia ukague."

Bi Mwanne akaingia. Godoro likageuzwa, maboksi ya redio yakamwagwa nje. Hakikuonekana kitu. Ditram akaapa kwa jina la Mungu mbele ya watu wote, na Verdiana ameinama pale bombani anasugua sufuria iliyokwisha kutakata. Chumba chake hakuna aliyefikiria kukikagua. Ditram akaambiwa ahame mwisho wa mwezi.

Jioni alimfuata Verdiana. "Dada, wewe anakusikiliza. Nisemee."

"Nitakusemea."

Hakusema. Kesho yake alichemsha tena kwa koili, maana wateja walikuwa njiani, na keshokutwa akachemsha. Siku ya nne aliuacha mchele ungoni haujachaguliwa. Akaenda kwa Bi Mwanne.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekuja kumwombea yule? Una roho nzuri wewe."

Afadhali angetukanwa. Verdiana alirudi chumbani, akaja na lile jiko, akaliweka mkekani.

Bi Mwanne alilitazama sana. "Tangu lini?"

"Tangu Kwaresima."

"Na Chanzuru?"

"Nilikudanganya, mama."

Bi Mwanne hakupandisha sauti. "Nimemgeuzia mtoto wa watu godoro," alisema, akatafuta kandambili zake. "Twende."

Ditram alikuwa anafunga maboksi kwa kamba. Bi Mwanne, mtu mzima, ndiye aliyeanza kuomba radhi, akamwambia chumba ni chake akitaka. Kisha akamwachia Verdiana nafasi, naye akasema yote.

"Mama, wewe hukujua," Ditram alijibu. "Nimekusamehe. Ila Ruhembe nimekwishapata chumba, na hapa sitalala vizuri tena." Akamgeukia Verdiana. "Dada, siku ile naapa, pale bombani ulikuwa unanisikia?"

"Nilikuwa nakusikia."

Ditram akaitikia kwa kichwa, akaendelea kufunga.

Bi Mwanne hakumfukuza Verdiana, wala hakumtajia tena habari ile, na hilo ndilo lililomkosesha raha zaidi. Jumamosi, Ditram alipotoka, Verdiana alinyanyua boksi moja, akamfuata mpaka kituo cha basi. Ditram alimwacha abebe.