Mshonaji wa Matanga

Mshonaji matanga wa manowari ile ya Kiingereza alilowesha uzi mdomoni kabla ya kuupaka nta, na kila akimaliza mshono aliuvuta mara mbili, akaguna. Viganja vyake vilikuwa sugu tupu. Jago, baharia aliyelala jirani naye miaka minne, hakuwahi kumsikia akimlaani hata kapteni, aliyewachapa watu mijeledi kwa kuchelewa tu kushuka mlingotini.

Siku mabaharia walipogoma kung'oa nanga mpaka kapteni aondolewe, waliandika majina yao kwa duara kwenye karatasi ya madai, kama ilivyo desturi yao, asijulikane aliyeanza. Kapteni akaitazama karatasi. "Wa juu ni Jago. Ndiye kinara. Mnyongeni!" Mshonaji akasogea taratibu, akaizungusha karatasi kidogo mkononi mwa kapteni. "Sasa wa juu ni mimi, bwana mkubwa." Mpishi naye akaizungusha. "Na sasa mimi!" Meli nzima ikacheka, kapteni akakosa wa kumnyonga.

Mchana Jago alimpelekea mshonaji huyo mzee mgawo wake wote wa ramu. Mzee akanywa nusu, akamrudishia kikombe. "Kunywa na wewe, kijana. Shingo yako bado inapitisha kitu."