Siku Nilificha Punda ya Baba

Nakumbuka Jumamosi moja hapa Mwihoko, nilitaka kupigana na mzee mgeni juu ya punda ambaye mimi mwenyewe nilikuwa nimemficha. Mwanangu, cheka tu, lakini usikilize mpaka mwisho. Najua sijakuzaa, nimekuzidi miaka kumi na tano tu na sina hata mvi moja. Haidhuru. Makosa pia inazeesha mtu, na mimi nilianza mapema.

Baba yangu alikuwa anauza maji na punda. Unaijua hii kazi, unaiona kila siku mpaka hauioni tena. Asubuhi alikuwa anajaza mitungi kwa kisima, anazipanga kwa mkokoteni, halafu Waithera anavuta. Waithera ndio alikuwa punda. Akifika kwa gate ya mteja anasimama, hakuna mtu amemwambia. Mteja anatoka, anachukua mtungi imejaa, anarudisha ile tupu, punda anaendelea. Sisi hatukuwahi kuona ajabu hapo. Kwetu ilikuwa kama mtu kuvaa viatu.

Sasa ndugu yangu mkubwa, Kamau, akapata msichana anaitwa Jeska, watu wao wanatoka Vihiga. Wazazi wake wakasema kabla ya kuongea maneno ya mahari, wanataka kwanza kuona mahali binti yao ataishi. Kamau hakulala wiki nzima. Na huyo ndio alinilea mama alipoaga. Mpaka leo mtu akimgusa Kamau, mimi kichwa inashika moto. Nikaapa hawa watu hawatapata kitu ya kutudharau. Nilipaka ukuta chokaa. Niliazima viti kwa majirani wote, nikazipanga nje kwa sababu nyumba yetu ni ndogo. Halafu nikageuka, nikaona Waithera.

Alikuwa amesimama kwa gate na mzigo wake wa maji, ananuka punda. Baba alikuwa ndani anavaa koti, amepanga apokee wageni kwanza, maji asambaze baadaye. Sikumwambia. Nilimpeleka Waithera, na mkokoteni yote, nyuma ya ile nyumba haijaisha hapo mwisho wa barabara, nikamfunga kwa nguzo na fundo ya mtu ako na haraka.

Wageni wakafika. Babake Jeska, Mzee Ambani, alikuwa mtu mrefu wa sauti ndogo, anaangalia kila kitu. Baba akaninong'oneza punda ako wapi, nikasema ako salama. Chai ikamiminwa. Mzee Ambani akamuuliza baba anafanya kazi gani, na kabla baba ajibu, mimi nikarukia: ako kwa mambo ya usambazaji. Baba akaweka kikombe chini polepole.

Hapo ndio gate ikasukumwa. Waithera aliingia peke yake, akapita katikati ya viti, akasimama mbele ya jikoni kama siku zote. Mitungi zote tupu. Nyuma yake jirani yetu, Mama Atieno, na kabeji kubwa mkononi.

“Baba Kamau, kumbe siku hizi umeandika punda kazi, wewe unakaa unakunywa chai?”

Akatuambia sisi wote vile ilienda. Saa ya Waithera ilifika, akavuta kamba ikafunguka, akazunguka njia yote gate kwa gate. Watu wakachukua maji wakidhani baba amebaki nyuma kusalimia mtu. Mama Atieno mwenyewe alikuwa amefuata kuona kama mzee wetu ni mzima, na hiyo kabeji ilikuwa ya wageni.

Mzee Ambani akaanza kucheka. Akacheka mpaka akatoa machozi, akapanguza na kofia. Kamau alikuwa ameinamisha kichwa. Mimi nikasimama, kiti ikaanguka.

“Mzee, hiyo punda ndio imetusomesha. Kama umekuja kutucheka, barabara ni ile.”

Watu wote wakanigeukia. Jeska akafunika uso. Nikajua nimemharibia ndugu yangu, na bado mdomo ilikuwa inataka kuendelea. Baba hakuinua sauti.

“Wewe umemficha, na wewe ndio unampigania. Sasa nani hapa ametudharau?”

Mwanangu, niliinama nikainua ile kiti.

Mzee Ambani ndio aliniokoa. Alisema hacheki punda, anacheka kwa furaha. Kwao ni milima, mama yake alibeba maji kwa kichwa mpaka shingo ikakataa, na tangu azaliwe hajaona maji ikijipeleka kwa wenyewe. Akaomba aonyeshwe. Basi chai ikaachwa hapo. Wazee wawili, mmoja na koti na mwingine na kofia, wakaenda kujaza mitungi wakazunguka tena. Mgeni alikuwa anauliza vitu sisi hatujawahi kuuliza. Je, anajua Jumapili? Baba akasema Jumapili hata umvute na mahindi hatoki. Baba aliongea siku hiyo kuliko mwaka mzima.

Waliporudi, Mzee Ambani alikuwa ameshapapasa mgongo wa Waithera kutoka juu mpaka chini. Akamwambia Kamau hajapata alama ya kiboko hata moja, na nyumba yenye punda anafundishwa bila kuchapwa, binti yake anaweza kulala hapo. Akataja mwezi wa sisi kwenda Vihiga kuongea mahari.

Sasa nakuambia hii kwa sababu moja. Kesho marafiki zako wa chuo wanakuja kutoka Juja, na nimesikia umemwomba mama yako asitoe nje jiko yake ya kuchoma mahindi ya kuuza mpaka waende. Mwanangu, hapana. Mgeni anaona kitu wewe umechoka kuona. Mwache aone. Akiuliza, mweleze, na kama haujui jibu, muulize mama yako mbele yake, uone vile atanyoosha mgongo. Na hasira yako, kabla uitoe kwa mgeni, angalia kama ni aibu yako umeivalisha nguo ingine.

Mungu akubariki, na abariki mikono ya mama yako. Akupatie wageni wengi, wenye macho na wenye njaa, na hiyo mahindi ikuwe tayari wakifika.