Muuza Vidonge vya Kupunguza Mwili

Muuza dawa wa Changamwe hakuwa na haraka na mtu. Kila mteja alimkalisha, akamshika mshipa wa mkono kwa vidole viwili laini, akafumba macho na kutikisa kichwa, kana kwamba moyo wa mtu ulikuwa ukimsimulia siri za nyumbani. Jumwa alikwisha kuyazoea, maana hii ilikuwa wiki yake ya tatu. Gauni la harusi la kanisani, lile moja linaloazimwa na kila bibi arusi, lilikuwa bado halimpiti kiunoni, na tangu aanze vile vidonge vya njano alitokwa jasho hata kivulini, mikono ikitetemeka mpaka chai ikamwagika.

"Moyo wanienda mbio, bwana daktari."

"Hayo ni mafuta yayeyuka, mwanangu," alijibu kwa sauti yake ya asali. "Dawa hii haina neno. Hata mtoto mchanga hunywa." Akamtilia kidonge kiganjani.

Mara mkewe akaingia na chakula cha mchana, mnene hasa, akipita mlangoni kwa ubavu. "Nami nipe kimoja leo, nipungue," alisema akicheka, na mkono tayari umo katika kikopo cha vidonge.

Yule bwana, ambaye Jumwa hakuwahi kumwona akiinuka, aliruka mpaka kiti kikaanguka. "Toa mkono! Wataka kunifia?"

Jumwa akakirudisha kidonge kikoponi, akamshika muuza dawa mshipa wa mkono kwa vidole viwili, akafumba macho.

"Wako nao waenda mbio, bwana daktari," alisema. "Hayo ni mafuta yayeyuka."