Nyumba Isiyotaka Usipa

Baba yangu alikuwa fundi mzungu wa kujenga makanisa. Aliniachia rangi na pua, akarudi kwao. Mama ni Mmatengo. Nimekulia Kigonsera, kwenye kahawa na mahindi, na anayeniita mgeni namjibu kwa Kimatengo mpaka aombe radhi.

Nilipohamishiwa Mbinga mjini kwa kazi ya uuguzi, nilitafuta nyumba. Mzee mmoja mkulima wa kahawa alikuwa nayo jirani na hospitali, bomba liko uani. Nilipompa shikamoo alitahayari, akanifutia kiti kwa kofia yake. Kwetu hupangi nyumba bila kuulizwa ukoo wako na kijiji cha babu yako. Mimi hakuniuliza hata jina. Nilitoka na funguo, nikajisifu kwamba naweza kuongea na wazee.

Nyani haoni kundule. Aliyenikata maringo ni muuguzi mwenzangu, mzaliwa wa Liuli, kule ziwani.

"Ile nyumba niliiomba kabla yako, dada," alisema. "Namtafutia mama. Miguu haimbebi tena, na kliniki ni kila wiki. Mzee akaniuliza kwetu wapi. Kusikia ziwani tu, akasema imeshapata mtu. Eti sisi tunaanika usipa, tunanukisha mtaa."

Nilikasirika, na mimi hasira siiweki. Jumamosi nilinunua usipa sokoni, wale dagaa wa Ziwa Nyasa, nikauanika kwenye mkeka mbele ya mlango, mahali mzee hupita akitoka shambani. Nilitaka afoke, nimpe vidonge vyake.

Alisimama, akanusa, akacheka mpaka akashika kiuno. Akawaita majirani: "Njooni mwone, mzungu wetu anaanika usipa." Kisha akaomba wa kuonja.

Kumbe si ulimi wangu uliofungua ule mlango. Usipa ni uleule. Kwa mwenzangu ni uvundo, kwangu ni madaha. Niliona aibu, halafu hasira ikarudi na nguvu zaidi.

"Baba," nilimwambia, "mimi nahama. Anaingia mwenzangu wa Liuli na mama yake. Ukikataa, hospitali nzima itajua sababu."

Hakubishana. "Ukisema wewe, binti yangu, mimi ni nani?"

Nilirudi kazini kifua mbele. Nyumba nyingine niliipata kabla jua halijazama, na huko nako sikuulizwa ukoo.

Siku ya kuhamia nilikwenda kuwasaidia kubeba mizigo. Mwenzangu alimketisha mama yake barazani, akafungua bomba, akanawa uso.

"Asante, dada," alisema. "Nyumba tumepata. Ila mzee amelikubali neno lako, mimi bado hajanikubali."

Nilimwambia aishi kwa raha, mzee nimeshamnyoosha. Mama yake alikuwa akifungua kifurushi alichokuja nacho kutoka ziwani. Akauliza aanike wapi usipa wake.

"Ndani, mama," mwenzangu akamjibu. "Hapo karibu na dirisha."